Sindano tano za Yambuku

Katika katekismu tulijifunza matendo ya huruma ya mwili. Mawili kati yake twayafanya vijijini mwetu karibu kila juma: kutembelea wagonjwa na kuzika wafu. Mtu anayeyaacha hayo mawili, wenzake hawamwoni kuwa mtu kamili. Lakini mwaka 2018, huku kwetu upande wa Beni, tuliambiwa neno jipya: usimguse mgonjwa, usimwoshe marehemu. Hata kanisani tukaacha kupeana mkono wa amani, na ndoo ya maji ikawekwa mlangoni.

Siku moja mama mzee wa parokia yetu alinifuata baada ya sala, akasema: «Mwalimu, wewe ulitufundisha kwamba Bwana Yesu atatuuliza kama tulimtazama mgonjwa. Leo unatufundisha kukaa mbali naye. Tufuate neno lipi?»

Sikuwa na jibu. Nilimwambia: «Mama, unipe siku chache.» Kusema kweli, siku chache hazikutosha. Ilinibidi kuuliza na kusoma habari za ugonjwa huu tangu mwanzo wake. Niliyoyapata nawaandikia hapa, kwa kuwa najua wengi wana swali lile la mama.

I. Yambuku, mwaka 1976

Yambuku ni misioni ya msituni, upande wa Bumba, kaskazini ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Hospitali yake ilikuwa na vitanda 120. Masista kutoka Ubelgiji na wauguzi wenyeji, wote pamoja watu 17, walifanya kazi pale. Kila mwezi wagonjwa walifika kwa maelfu. Wengi walitoka mbali, kwa sababu walijua kwamba Yambuku kuna dawa na kuna watu wa kuwapokea. Mapendo hayakukosekana pale. Tulishike neno hili vizuri, maana habari yote yasimama juu yake.

Mwisho wa mwezi wa Agosti mtu mmoja alifika mwenye homa. Walidhani ni malaria, wakampiga sindano ya klorokini. Homa ikashuka, kisha ikarudi kwa nguvu, damu ikamtoka, akafa. Haukupita muda, wengine waliopita hospitalini siku zile wakaanza kuugua vilevile: wanawake wenye mimba, waliokuja kupimwa tu; watu waliokuja kwa ugonjwa mwingine; kisha ndugu waliowatunza nyumbani na waliowaosha walipokufa.

Wataalamu waliofika baadaye walitafuta njia ya ugonjwa, wakaona jambo ambalo mtu angeweza kulipita bila kuliangalia. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano. Hizo tano zilitumika kwa wagonjwa wa nje, kwa wanawake wenye mimba, na kwa wagonjwa waliolazwa. Ikitoka kwa mmoja, sindano ilisuuzwa katika maji ya uvuguvugu, ikaingia kwa mwingine. Jioni, mara nyingine, zilichemshwa. Kwa njia hiyo mikono iliyotaka kuponya ilipeleka kifo, na wenye mikono hiyo hawakujua.

Katika eneo lile waliugua watu 318, wakafa 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 13 waliugua na 11 walikufa, masista wakiwa miongoni mwao. Hospitali ikafungwa, kwa sababu watu wa kuifanyia kazi walikuwa wamekwisha.

Tusiwahukumu. Si Yambuku peke yake sindano zilipotumika hivyo siku zile, na waliokosea walilipa kwa maisha yao. Lakini tuulize kwa ukweli: nini kilikosekana? Kwanza, mpango: hakuna aliyelinganisha hesabu ya sindano na hesabu ya wagonjwa. Pili, kupima: homa ilidhaniwa kuwa malaria, na hapakuwa na njia ya kujua zaidi. Tatu, wauguzi waliofundishwa hasa kutunza ugonjwa wa kuambukiza. Nne, umoja wa kazi, yaani watu wanaoonyana, mmoja akiona kosa la mwenzake kabla halijaua. Mambo hayo manne ndiyo nitakayoyafuata mpaka mwisho.

Kupima, wakati ule, ilikuwa safari ndefu. Daktari Jean-Jacques Muyembe, kijana Mkongomani aliyesoma elimu ya vijidudu, alitumwa Yambuku kutoka Kinshasa. Alitoa damu ya wagonjwa bila glavu, kwa kuwa hazikuwapo. Sabuni na maji ndiyo yaliyomkinga. Damu ya sista mmoja iliyotolewa Kinshasa ilitiwa katika chupa ya kutunzia chai ya moto, pamoja na barafu, ikasafirishwa kwa ndege hata Antwerp katika Ubelgiji. Huko, na Uingereza, na Marekani, waliona kirusi ambacho hakikujulikana bado. Kikapewa jina la mto Ebola, ulio upande ule wa Yambuku.

Lakini tuangalie Kinshasa. Sista yule alifia katika hospitali ya Ngaliema. Sista mwenzake aliyemfuata alikufa pia, na muuguzi kijana aliyewatunza akafa. Mji ule mkubwa ulikuwa katika hatari ya kuteketea. Lakini waliowagusa walitafutwa, wakatengwa na kuangaliwa siku baada ya siku. Wauguzi walivaa maski na glavu. Ugonjwa ukaishia pale. Kumbe ugonjwa uleule uliomaliza Yambuku ulizuiliwa Kinshasa, si kwa dawa, maana dawa haikuwapo, bali kwa utaratibu.

II. Kikwit, mwaka 1995

Mtu angedhani somo hilo lilibaki kichwani mwa kila mtu. Haikuwa hivyo. Baada ya miaka 19 Ebola ilizuka Kikwit, katika Bandundu ya wakati ule. Majuma mengi ilitembea bila kujulikana. Mwezi wa Aprili mgonjwa mmoja alipasuliwa tumbo katika hospitali ya mji. Waliompasua na waliomtunza wakaanza kuugua, mmoja baada ya mwingine. Masista sita Waitaliano wa shirika la Bergamo, waliokuwa wauguzi kwa miaka mingi huku Kongo, walikufa katika muda wa mwezi mmoja na siku chache. Kila aliyekuja kumtunza mwenzake alijua amekuja wapi, na hakurudi nyuma.

Waliougua Kikwit walikuwa 315, na katika kila watano walikufa wanne. Kati ya hao 315, watu 80 walikuwa wafanyakazi wa afya. Yaani robo ya wagonjwa walikuwa ni waganga wenyewe.

Mwezi wa Mei damu ilipopimwa na jina la ugonjwa likajulikana, kazi ilipangwa upya. Wagonjwa waliwekwa katika chumba chao. Wauguzi walifundishwa kuvaa na kuvua nguo za kinga, na wakapewa nguo zenyewe. Vijana wa Msalaba Mwekundu walichukua kazi ya kuzika. Wengine walizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa na kuwaangalia ndugu zao. Kila kundi lilikuwa na kazi yake na lilipeleka habari kwa wengine. Tangu hapo ugonjwa ulikaribia kukoma kabisa kuwashika wafanyakazi, na mwezi wa Agosti ulikwisha.

Hapo Kikwit lilitokea jambo jingine, dogo wakati ule, ambalo limetufaa sisi wa Beni miaka mingi baadaye. Wagonjwa wanane walipewa damu ya watu waliopona Ebola. Saba wakaishi. Watu wakashangilia: dawa imepatikana! Lakini madaktari wenye akili walisema: ngojeni. Hao wanane walipewa damu wakati utunzaji wote ulipokwisha kuwa bora. Hakuna kundi jingine la kuwalinganisha nalo. Huenda damu iliwaponya, huenda serumu na matunzo ndiyo yaliyowaponya. Bila kupima hatuwezi kujua.

Walikuwa na haki. Kutamani kwamba dawa inaponya si sawa na kujua kwamba inaponya. Ni mara ngapi sisi wenyewe tunasema «dawa hii ni nzuri» kwa kuwa jirani mmoja alipona?

Hata hivyo neno lile halikuachwa. Baada ya miaka 11 mtu mmoja wa Kikwit aliyepona alikubali kutoa damu yake. Mwili ulioshinda ugonjwa hubaki na askari wadogo ndani ya damu, wanaomkumbuka adui. Wataalamu wa Kongo, wa Marekani na wa Ulaya walishirikiana kutafuta kati ya askari hao mmoja aliye hodari, wakajifunza kumzidisha. Dawa hiyo wakaiita mAb114. Ikawekwa tayari, ikingoja siku ya kujaribiwa.

III. Beni na Butembo, mwaka 2018 hadi 2020

Siku hiyo ikafika kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ukaenda Beni, Butembo, Katwa, hata Ituri. Ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Kongo haikuwa imeona Ebola kubwa namna hiyo.

Safari hii mengi yalikuwa tayari. Labo ndogo zilifunguliwa mijini mwetu, na mashine iliyokaa juu ya meza ilitoa jibu baada ya saa chache; damu haikuhitaji tena kwenda Ubelgiji. Chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, kwa kuanzia na waliomgusa mgonjwa, kisha na waliowagusa hao. Wauguzi waliingia kwa wagonjwa wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma mitume: mmoja afanye kazi, mwenziwe aangalie, hasa wakati wa kuvua nguo, maana hapo ndipo muuguzi aliyechoka hujigusa akafa.

Tena palikuwa na chumba cha namna mpya, chenye kuta za plastiki zinazopitisha nuru kama kioo. Ukutani palikuwa na mikono ya glavu, muuguzi akaweza kumtunza mgonjwa akiwa nje. Na ndugu waliweza kusimama karibu, wakamwona na kusema naye. Watoto wachanga ambao mama zao waliugua walilelewa na wanawake waliokwisha kupona, kwa sababu hao hawakuogopa kuwabeba.

Ndipo ilipofanyika ile kazi ya kupima iliyokosekana Kikwit. Dawa nne zilikuwapo, na hakuna aliyejua ipi ni bora. Mwezi wa Novemba 2018 walianzisha jaribio katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Jina lake ni la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Kila mgonjwa aliyekubali alipewa moja ya dawa hizo nne kwa kura, ili pasiwe na upendeleo wala hila. Wote, kura yoyote waliyopata, walitunzwa sawasawa: serumu, chakula, dawa ya malaria, damu kupimwa mara kwa mara.

Wagonjwa 681 walishiriki. Mwezi wa Agosti 2019, kabla ya mwisho uliopangwa, wakaguzi waliona tofauti, wakasimamisha kura ya dawa nne. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa dawa iitwayo ZMapp, karibu 50 walikufa. Waliopewa remdesivir, walikufa 53. Lakini waliopewa mAb114, ile iliyotoka katika damu ya mtu wa Kikwit, walikufa 35, na waliopewa REGN-EB3 walikufa karibu 34. Na wale waliofika kirusi kikiwa bado kidogo mwilini, kwa dawa hizo mbili walikufa 10 au 11 tu katika 100. Mwaka 1976 Yambuku walikufa 88 katika 100. Tangu siku ile wagonjwa wote walipewa mojawapo ya zile mbili.

IV. Kilichotaka kuharibu yote

Je, mbona basi walikufa zaidi ya watu elfu mbili? Hapa lazima niseme ukweli ambao si mtamu.

Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa usiku kwa panga na bunduki. Tulilia, na wachache walitusikia. Kisha Ebola ikaja, na ghafla tukaona magari mengi, mishahara mikubwa na askari. Watu walisema: «Tulipokufa kwa panga hawakuja. Leo wametoka wapi?» Mwisho wa Desemba 2018 tukaambiwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, na moja ya sababu iliyotajwa ilikuwa Ebola. Hapo wengi waliokuwa na shaka kidogo wakawa na shaka kubwa. Wale waliokuja kupigana na ugonjwa waliitwa «Riposte», na jina hilo likawa kama tusi midomoni mwa watu.

Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkamerun, aliuawa Butembo akiwa kazini. Wagonjwa walikimbia, wengine wakajificha nyumbani, wakafa huko na kuwaambukiza watoto wao. Dawa njema ilikuwa kituoni, mgonjwa alikuwa nyumbani, na katikati yao palikuwa na woga.

Kosa lilikuwa wapi? Waliochoma walitenda dhambi, sitaificha. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na tundu. Ulihesabu vitanda, glavu na chanjo, ukasahau kuhesabu majeraha ya watu. Wageni wengi walikuja na Kifaransa na Kiingereza mahali ambapo mama mgonjwa anasema Kinande na Kiswahili. Kazi ilikwenda vizuri zaidi pale wenyeji walipowekwa ndani yake: machifu, wakuu wa mitaa, mama wa masoko, wachungaji, mapadri na sisi makatekista, na hasa waliopona, ambao hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba Ebola ni uwongo.

Kwa hiyo naona kwamba umoja wa kazi si umoja wa madaktari kati yao tu. Jamaa ya mgonjwa ni mmoja wa kundi. Usipompa nafasi yake, atajitafutia nafasi nyingine, nayo huwa nje ya mpango wako.

V. Jibu kwa mama

Nilirudi kwa mama yule, nikamweleza habari ya chumba cha plastiki. Aliuliza: «Basi mgonjwa anaweza kuniona?»

«Anakuona, mama, na sauti yako anaisikia.»

«Mbona hamkusema hivyo tangu mwanzo?» Sikuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumemfundisha mambo asiyopaswa kufanya, hatukumfundisha aliyoweza kufanya.

Mwezi uliofuata mjukuu wake alishikwa na homa usiku. Asubuhi, bila kungoja, alimpeleka kituoni. Damu ikapimwa. Siku ileile wakamjibu: ni malaria, wala si Ebola. Akapewa dawa, akarudi nyumbani. Nilipomwona mtoto yule akicheza uwanjani niliwaza Yambuku. Kule homa ilidhaniwa kuwa malaria, na ilikuwa Ebola; huku homa iliogopwa kuwa Ebola, na ilikuwa malaria. Macho ya mtu hayawezi kutofautisha hizo mbili siku ya kwanza. Kupima kunaweza.

Ndugu wasomaji, neno la Bwana halikugeuka: mgonjwa atazamwe, mfu azikwe. Masista wa Yambuku na wa Kikwit walilitimiza mpaka kufa. Lakini mapendo yao yalistahili sindano za kutosha, na maji yaliyochemka, na mtu wa kupima damu, na mwenzi wa kuwaonya. Hatuwezi kuwaheshimu kwa kusifu kufa kwao tu, halafu tukaacha vituo vyetu vikae kama Yambuku ilivyokaa.

Katika kijiji chako kuna zahanati. Nenda uulize kwa adabu: Leo asubuhi mna sindano ngapi, na wagonjwa ni wangapi? Mgonjwa wa homa anapimwa kabla ya dawa, au anadhaniwa tu? Nani kati ya wauguzi amefundishwa kutunza ugonjwa wa kuambukiza? Jamaa za mgonjwa wanaelezwa mambo kwa lugha yao? Ukisikia jibu zuri, shukuru. Ukisikia jibu baya, usitukane mtu. Kaa pamoja na kamati ya afya, na parokia, na mkuu wa kijiji, mtafute namna. Anayehesabu sindano kabla ya jua kupanda, naye anatenda tendo la huruma.